Bustani za wachavushaji zisiishie siku ya kupanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limeanza kuzoeleka katika jamii nyingi, yaani vikundi vya wakazi, wanafunzi na waumini wanaokusanyika kupanda bustani za mimea ya asili ili kuwapa chakula na makazi nyuki, vipepeo na wachavushaji wengine, yaani wanyama wanaobeba chavua, ule unga wa uzazi wa maua, kutoka ua moja hadi jingine. Ni kazi njema, na mimi mwenyewe ni miongoni mwa wanaoshika jembe. Tatizo ninaloliona ni kwamba nyingi ya bustani hizi hupangwa kwa jicho la mpita njia na kupimwa kwa idadi ya miche iliyoingia ardhini siku ya uzinduzi, ilhali mdudu tunayedai kumsaidia anahitaji mmea anaoweza kuutumia, mahali pa kutagia mayai, na uhakika kwamba vyote viwili vitakuwapo msimu ujao na ule unaofuata. Tukikosa kumtimizia haya tutakuwa tumejipandia maua ya kupendezesha mtaa, jambo ambalo halina ubaya, ila tusiliite uhifadhi.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Jopo la kimataifa la bioanuwai na huduma za mifumo ikolojia, katika tathmini yake ya mwaka 2016, lilieleza kuwa zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea uchavushaji wa wanyama kwa kiwango fulani, na kwamba karibu asilimia 90 ya mimea ya porini inayotoa maua inautegemea pia. Ni muhimu kusoma takwimu hizo kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba nyuki wakitoweka robo tatu ya chakula itatoweka, kwa kuwa nafaka nyingi huchavushwa na upepo na mazao mengine hupungua tu bila kukosekana kabisa. Maana yake ni kwamba matunda, mboga, mbegu za mafuta na jamii ya njugu, vyakula ambavyo hutupatia sehemu kubwa ya vitamini na madini, ndivyo vitakavyoadimika kwanza, na kwamba misitu na nyika zitapoteza uwezo wa kujizaa upya hata pale ambapo hakuna mtu aliyekata mti.

Watu wakisikia neno mchavushaji humwona nyuki wa asali, na hapo ndipo bustani nyingi zinapoanza kwenda kombo. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana mzinga, malkia wala asali ya kuvuna. Kila jike hujichimbia au hujitafutia tundu lake, hulijaza vibonge vya chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya maua, hutaga yai juu ya kila kibonge, huziba mlango na kufa bila kuwaona wanawe. Ongeza hapo nondo wanaofanya kazi usiku, nzi ambao watu huwafukuza bila kujua kuwa kakao huchavushwa na jamaa zao wadogo kuliko mbu, mbawakawa, nyigu, ndege wanaofyonza mbochi na popo. Bustani inayotengenezwa kwa kumfikiria mdudu mmoja tu huwaacha nje karibu wote hawa.

Kwa sababu hiyo nina shaka na vikundi ambavyo hatua yao ya kwanza ni kununua mizinga. Nyuki wa asali ni mfugo kama mifugo mingine, na mwenye kutaka asali afuge kwa furaha. Lakini kundi moja lenye afya lina maelfu kwa maelfu ya vibarua wanaoweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, na wakiwekwa pembeni mwa bustani ndogo, hasa mahali ambapo si kwao kwa asili, humaliza mbochi na chavua kabla ya nyuki wapweke hawajapata cha kuwapelekea watoto wao. Wanaweza pia kuacha vimelea na virusi juu ya maua yanayotembelewa na wote. Kuweka mizinga mingi katika eneo lenye maua machache kwa jina la kuokoa wachavushaji ni kuongeza walaji mahali ambapo chakula ndicho kilichopungua.

Yapo maua ambayo nyuki wa asali hawezi kuyafungua ipasavyo. Mtazame nyuki mnene mwenye manyoya anapotua kwenye ua la mnyanya. Chavua ya ua hilo haikai wazi. Imefungiwa ndani ya vifuko vyenye upenyo mdogo nchani, na mdudu anayepapasa juu juu hapati kitu. Nyuki huyu hujikunja kulizunguka ua, huuma vile vifuko kwa mataya, kisha hutikisa misuli yake ya kurukia huku mabawa yakiwa yametulia. Husikika mvumo mfupi mkali, tofauti na ule wa kuruka, na chavua humwagika kifuani pake kama chumvi kutoka kwenye kichupa chenye matundu. Mnyanya unaweza kujichavusha kwa kutikiswa na upepo, lakini huzaa vizuri zaidi ukipata mtikisiko wa namna hii, ndiyo maana wakulima wa nyumba za vioo hununua nyuki wa aina hiyo au hutumia vifaa vya umeme vinavyotetemesha maua. Nyuki wa asali hana ujuzi huo.

Ni mfano mdogo wa mambo yaliyofungamana kwa muda mrefu kati ya mmea na mdudu wake, na ndio msingi wa hoja ya kupanda mimea ya asili ya mahali husika. Historia ya vanila inaonyesha vizuri kinachotokea fungamano hilo linapokatika. Mmea huo ulitolewa Meksiko na nchi jirani ukapelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, ukastawi na kutoa maua, ila haukuzaa, kwa kuwa wachavushaji wake walibaki nyuma. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mvulana mtumwa wa umri wa miaka 12, ndiye aliyebuni njia nyepesi ya kuunganisha sehemu za ua kwa kijiti na kidole gumba, na mpaka leo sehemu kubwa ya vanila duniani huchavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Mmea wenye bei unaweza kupata watu wa kuufanyia hivyo. Mimea ya porini haina wa kuifanyia.

Fungamano hilo lina upande wa pili ambao wapanda bustani husahau, nao ni majani. Kipepeo mzima anaweza kunywa mbochi kwenye maua mengi, ya asili na ya kigeni, lakini kiwavi wake mara nyingi hula majani ya mimea michache tu, wakati mwingine ya jenasi moja peke yake, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu, kwa kuwa kila mmea hujilinda kwa sumu zake na ni wadudu walioishi nao vizazi na vizazi waliojifunza kuzihimili. Viwavi wa kipepeo monaki wa Amerika Kaskazini hutegemea karibu kabisa mimea ya utomvu mweupe ya jenasi ya Asclepias. Bustani yenye maua elfu lakini haina mmea wa kulisha viwavi ni kituo cha kunywea tu. Vipepeo watapita, watapigwa picha, na hakuna atakayezaliwa hapo.

Kisa cha monaki kina fundisho jingine kwa vikundi vyenye pupa. Watu wengi kusini mwa Marekani, kwa nia njema kabisa, walipanda aina ya kitropiki ya Asclepias iliyopatikana kwa urahisi vitaluni, badala ya zile za asili ya maeneo yao. Aina za asili hunyauka majira ya baridi yakifika na kuchipua upya. Ile ya kitropiki, mahali pasipo na baridi kali, hubaki kijani mwaka mzima, na kwenye majani yake hulimbikizana vijidudu vya ugonjwa ambavyo kila kizazi cha vipepeo huvipokea kwa wingi zaidi kuliko kilichotangulia. Baadhi ya vipepeo pia huacha kuhama kwa kuwa wamepata chakula kisichokatika. Wanaohusika na uhifadhi wamekuwa wakiwasihi wakazi waing'oe au angalau waikate hadi chini kila mwaka. Ikiwa jenasi iliyo sahihi lakini spishi isiyo ya mahali hapo inaweza kuleta madhara hayo, basi swali la kuuliza kitaluni ni zaidi ya kama mmea una maua mazuri.

Sisemi kwamba kila mmea wa kigeni ung'olewe. Maua mengi ya kigeni yana mbochi ya kutosha na huwasaidia wadudu wasiochagua, hasa nyakati ambazo mengine yamekauka, na nisingemshauri mtu yeyote akate mti wake wa matunda eti kwa sababu asili yake ni ng'ambo. Ninachopinga ni mambo mawili. La kwanza ni mimea vamizi, ile inayotoroka bustanini na kusonga mimea mingine kandokando ya mito na barabara. Mfano wake ni kichaka cha buddleja kutoka China, ambacho kwa muda mrefu kimesifiwa kama rafiki wa vipepeo, ilhali katika nchi kadhaa kimekuwa gugu. La pili ni maua yaliyobadilishwa na wafugaji wa mimea hadi yakapoteza kazi yake. Chukua ua lenye petali zilizojazana tabaka juu ya tabaka, lipasue kwa kucha hadi katikati, utaona kwamba mahali pa vifuko vya chavua pameota petali nyingine, na palipokuwa na njia ya kuifikia mbochi pamezibwa. Nyuki hulizunguka, hujaribu kuingia, huondoka. Linavutia kwelikweli, lakini kwake ni duka lililofungwa.

Mbegu na miche nayo ina mambo yake. Pakiti zenye picha ya shamba la maua ya porini mara nyingi huwa na mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa popote, kwa hiyo baadhi ya mbegu zake si za asili ya popote ulipo. Njia bora, ingawa ni ya polepole, ni kukusanya mbegu karibu na mahali bustani itakapokuwa, kwa ruhusa ya mwenye eneo na kwa kiasi kidogo kutoka kwenye kila mmea, kisha kuziotesha wenyewe. Kuchimba mimea mizima porini na kuihamishia mjini ni kuiba mahali pamoja ili kupamba pengine, na nashangaa kwamba bado hufanywa na watu wanaojiita wahifadhi.

Kwa miche ya kununua, muuzaji aulizwe bila haya kama imewekewa dawa ya wadudu. Dawa za jamii ya neonikotinoidi hufyonzwa na mmea na kusambaa hadi kwenye chavua na mbochi, kwa hiyo mche unaweza kuonekana msafi huku ukimlisha mgeni wake sumu kwa wiki nyingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu kuu za jamii hiyo mwaka 2018, zikabaki kuruhusiwa katika nyumba za kioo zilizofungwa tu. Si kila nchi imefuata mkondo huo. Kikundi kinachonunua miche mia kwa pamoja kina nguvu ya kumfanya mwenye kitalu abadili mazoea yake, nguvu ambayo mnunuzi wa mche mmoja hana.

Kuhusu upangaji wa maua nitasema kidogo, kwa kuwa hili wengi wanalijua: kuwe na kitu kinachochanua katika kila sehemu ya msimu ambapo wadudu wako nje, na mimea ya aina moja ipandwe kwa mafungu badala ya mmoja mmoja, kwani nyuki akianza kukusanya kwenye ua fulani hupenda kuendelea na ua la aina hiyo hiyo. Pengo la wiki chache bila maua hutosha kumaliza kizazi cha nyuki mpweke ambaye maisha yake yote ya utu uzima hayazidi wiki hizo. Maji ya kina kifupi yenye mawe ya kutulia yanasaidia. Taa za nje zizimwe usiku inapowezekana, kwa sababu ya nondo.

Mgogoro mkubwa zaidi, kwa jinsi ninavyoona, unahusu usafi. Tumelelewa kuamini kuwa bustani nzuri ni ile iliyofagiliwa, ambamo kila jani lililotoboka hung'olewa, kila bua lililokauka huchomwa na kila kipande cha ardhi kisicho na mmea hufunikwa kwa matandazo. Kwa mchavushaji, huko ni kubomolewa nyumba. Sehemu kubwa ya spishi za nyuki hutagia ardhini, katika udongo mkavu unaopata jua, na matandazo mazito huwafungia mlango. Wengine hukaa ndani ya mabua makavu yenye uwazi, kwenye mbao zilizooza au katika vitundu vilivyoachwa na mbawakawa. Viwavi wengi hugeuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo au nondo, chini ya majani yaliyoanguka. Ukichoma takataka za bustani mwisho wa msimu, umechoma kizazi cha msimu ujao.

Nimewahi kuona mtu mwenye kujitolea, tena mwenye bidii kuliko sisi sote, akipita na ndoo akikusanya viwavi kwenye mmea ambao tulikuwa tumeupanda mahsusi ili uliwe na viwavi. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemweleza, na kibao cha bustani kilikuwa na picha ya kipepeo peke yake. Aliposimamishwa na kuonyeshwa mayai madogo yaliyobandikwa upande wa chini wa jani, mviringo mviringo, moja moja kwa nafasi, aliinama akayatazama muda mrefu kisha akawarudisha viwavi mmoja mmoja kwenye majani. Tangu hapo nashikilia kwamba kibao cha bustani ya namna hii kionyeshe kiwavi, kitundu cha ardhini na bua kavu, na kieleze kwa maneno machache kwa nini havijaondolewa. Kibao hicho pia kitapunguza ugomvi na majirani, na kitawapa jibu maofisa wanaokuja na kanuni za urefu wa nyasi. Ukingo uliokatwa vizuri na njia iliyo wazi kuzunguka bustani husaidia pia, kwa sababu mtu akiona kuwa kuna mkono unaotunza, huvumilia vurugu iliyo ndani.

Kuna faida nyingine ya kuwavumilia viwavi, nayo ni ndege. Ndege wengi, hata wanaokula mbegu wakishakua, huwalisha makinda yao wadudu. Wachunguzi wa ndege mmoja mdogo wa Amerika Kaskazini, mwenye uzito wa gramu 10 hivi, wamekadiria kwamba jozi moja huhitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Bustani isiyo na jani lililotoboka haiwezi kutoa chakula hicho.

Niongeze neno kuhusu zile nyumba za nyuki za kutundika ukutani, zenye mianzi na vipande vya mbao vilivyotobolewa. Zina thamani yake, hasa shuleni, maana mtoto anaweza kusimama hatua moja tu na kumwona nyuki mkata majani akiwasili na kipande cha jani kilichokatwa kwa mviringo, amekikunja chini ya tumbo, akaingia nacho tunduni kinyumenyume au kwa kichwa. Lakini zinapojengwa kubwa, zikaachwa miaka bila kusafishwa wala kubadilishwa mabua, huwa makazi ya vimelea na ukungu. Vinyumba vidogo vilivyotawanywa ni bora kuliko jumba moja la maonyesho, na kipande cha ardhi tupu kinachoachwa bila kuguswa ni bora kuliko vyote, ingawa hakuna mfadhili atakayekikatia utepe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha malalamiko yangu. Fedha, maji, magari na viongozi hupatikana siku ya kupanda. Mwaka wa pili haupati kitu, na mwaka wa pili ndio unaoamua. Mimea mingi ya asili ya kudumu hutumia muda wake wa mwanzo kuteremsha mizizi, kwa hiyo juu inaonekana imedumaa, wakati magugu ya kigeni yanashamiri. Palizi ikikosekana miezi hiyo, magugu hushinda, na watu husema mimea ya asili haifai. Palizi ikifanywa na mtu asiyetambua mche mchanga wa asili na wa gugu, matokeo ni yale yale. Kikundi chochote kinachoomba msaada kingeulizwa kwanza ni nani atakayepalilia msimu wa tatu, ni nani anayejua mche upi ni upi, na je, sehemu ya fedha imewekwa kando kwa kazi hiyo. Mimi ningependa nusu ya bajeti ibaki kwa ajili ya baada ya uzinduzi, na eneo la kupanda lipunguzwe hadi lilingane na mikono iliyopo. Bustani ya hatua kumi kwa kumi inayopaliliwa ina thamani kuliko ekari iliyoachwa.

Udogo huo usimkatishe mtu tamaa, kwa sababu nguvu ya kazi ya kijamii iko katika kuunganisha. Nyuki wengi wadogo hawaendi zaidi ya mita mia chache kutoka kwenye tundu lao. Kwao, uwanja mpana wa zege au nyasi fupi ni bahari. Bustani moja iliyozungukwa na bahari hiyo hulisha wachache na huwaacha wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, lakini nyumba kumi za mtaa mmoja, zikiwa na vipande vidogo, pamoja na ukingo wa barabara, uwanja wa shule na eneo la makaburi, hutengeneza njia ambayo mdudu anaweza kuifuata. Mjini Oslo, Norwe, mwaka 2015, wakazi walijitahidi kupanga maua kwenye mapaa na vibaraza ili nyuki wapate vituo vya kula wanapovuka mji. Wazo hilo halihitaji mji mkubwa. Linahitaji ramani ya mtaa, kalamu na majirani wanaozungumza.

Pia tusijidanganye kuhusu kiwango cha tatizo. Katika England na Wales, takriban asilimia 97 ya mbuga za nyasi zenye maua ya asili zilipotea kati ya miaka ya 1930 na 1984, nyingi zikilimwa au kutiwa mbolea. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa uzito wa wadudu warukao walionaswa katika maeneo 63 ya hifadhi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika kipindi cha miaka 27. Hayo yalikuwa maeneo ya hifadhi, si mashamba. Hakuna bustani ya mtaa inayoweza kufidia kilimo kinachonyunyiza sumu bila kipimo na kulima hadi ukingo wa mwisho wa shamba, na ningesikitika sana kama miche yetu ingetumiwa na watunga sera kama sababu ya kutofanya lolote. Thamani ya bustani hizi ni kwamba zinahifadhi mbegu na wadudu karibu na watu, na kwamba raia aliyepalilia misimu mitatu akijua kila mgeni wa ua lake huwa mgumu kudanganywa kikaoni.

Ili ujuzi huo upatikane, kikundi kihesabu. Mtu mmoja akae mbele ya kipande kimoja cha maua kwa dakika kumi, siku yenye jua na upepo mdogo, aandike aina za wageni anaowatofautisha, hata kama majina yake ni mnene mweusi, mwembamba wa kijani na nzi mwenye mistari. Zoezi hilo likirudiwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, likiandikwa hata siku ambayo hakuja mtu wala mdudu, kikundi kitakuwa na ushahidi wa kama bustani inafanya kazi, na kitajua mmea upi uongezwe na upi uondolewe. Miche mingapi imepandwa haisemi chochote kuhusu hilo.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Vyombo vya habari hualikwa siku ya kupanda, na picha za mikono yenye udongo hujaa kurasa. Mwandishi wako akitumwa huko, naomba atumwe tena mahali hapo hapo mwaka mmoja baadaye, akaulize ni miche mingapi iliyobaki hai, nani anapalilia, nani analipia maji, na ni wadudu gani wameonekana wakizaliana, kisha majibu hayo yachapishwe kwa ukubwa ule ule wa picha ya kwanza. Na kama nafasi itapatikana, kona ndogo ya kila mwezi inayotaja mmea wa asili unaochanua wakati huo, mdudu anayeutembelea na namna ya kuvuna mbegu zake ingewafaa wasomaji wengi wenye kipande cha ardhi au hata chungu kimoja dirishani. Wapo wataalamu wa mimea na wazee wanaoijua kwa majina ambao, nina hakika, wangekubali kuiandika wakiombwa.

Wako mwaminifu,

Msomaji na mpanda bustani